Okidi yangu inanukia usiku tu, na sasa mizizi inaoza

MamaNeema, Kigoma
Habari za jioni wadau. Mwaka jana mjomba aliniletea okidi, ameitoa kwenye mti ulioangushwa na upepo huko njia ya Uvinza. Nikaipanda kwenye kopo la rangi, udongo na samadi ya mbuzi. Ikatoa maua sita meupe, kila moja lina mkia mwembamba kama uzi kwa nyuma. Mchana hata uliweke puani hupati kitu, ila giza likiingia kibaraza kizima kinanukia. Marehemu mama alipenda asumini, na harufu hii inanirudisha kwake. Sasa majani mawili yamekuwa ya njano, mizizi ukiibonyeza inatoa maji. Namwagilia kila asubuhi. Nimekosea wapi?

MrinaAsali, Tabora
Dada, itoe kwenye udongo leo hii. Huo ni mmea wa juu ya miti. Huku Sikonge nikipanda kukagua mizinga naikuta imeng'ang'ania gome tupu, na mti hainyonyi, imekaa tu. Mizizi yake inataka upepo. Iliyolainika ikate kwa wembe uliopitisha motoni, migumu iache. Ifunge kwa katani kwenye kigogo chenye gome, tundika kivulini. Mzizi mkavu una rangi ya majivu, ukilowa unageuka kijani. Usiongeze maji mpaka urudi majivu. Yangu ya kwanza niliiua hivyo hivyo kwenye ndoo, iliniuma sana.

MwalimuBaiolojia
Harufu ya usiku ni ya kumwita nondo, yule mdudu kama kipepeo anayeruka usiku. Maji matamu yapo chini kabisa ya ule mkia, na nondo mwenye mrija mrefu ndiye anayeyafikia. Mwaka 1862 Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza, alitazama okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30, akasema lazima yupo nondo wa kuitosha. Nondo huyo alikuja kuelezwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin ameshafariki.

MamaNeema
Asanteni sana. Imebaki mizizi mitatu, nimeifunga kwenye kigogo cha mwembe. Na kiangazi je?

MrinaAsali
Mitatu inatosha. Kiangazi inapumzika, pulizia alfajiri mara mbili kwa wiki. Ikidondosha jani usiitupe. Tazama ncha za mizizi: ukiona kijani kibichi kinachong'aa, imeshika.