Mlioruti simu zenu: ile antivairasi iliyokuja na simu mliitoaje? Tupeane uzoefu

Mbuyuni_Jr:
Wakuu habari za jioni. Nina simu ya Android nimeshairuti siku nyingi, yani mafaili ya mfumo naingia na kutoka nitakavyo, ila kuna huyu mlinzi aliyekuja nayo kutoka kiwandani hataki kuondoka. Yeye ndo antivairasi, yeye ndo msafisha simu, yeye ndo mbana betri, na kila nikisogea ananiambia simu yako ipo hatarini, nikibonyeza napelekwa kwenye matangazo. Bando linaisha na arifa hazikatiki, nikienda kwenye setingi kitufe cha kufuta hakipo, kuna cha kulazimisha isimame tu, nikisimamisha dakika mbili karudi kazini.

Kampuni ya simu siitaji maana najua mtaacha kunisaidia mtaanza ligi ya simu ipi bora 😂. Ninachotaka ni mliowahi kuondoa hivi vitu kwenye simu iliyorutiwa mseme mlipitia njia gani na simu ilikuwaje baadae. Sio mambo ya kuangalia kwenye video, mlichofanya wenyewe.

fundi wa Mchikichini:
Tulia kwanza mkuu. Kabla hujagusa faili lolote nenda setingi, usalama, apu za msimamizi wa kifaa, angalia kama hiyo apu imo. Antivairasi nyingi zina ile huduma ya simu ikiibiwa uifunge au uifute ukiwa mbali, kwa hiyo zinaomba cheo cha msimamizi, na cheo kikiwa bado kipo hata kitufe cha kuzima kinafifia. Simu kadhaa zimefika mezani kwangu mwenye nayo anataka ruti, natoa cheo, nazima apu, anaondoka zake. Kuzima apu za kiwandani kupo tangu Android 4.0.

Halafu kuna hili watu hawapendi kulisikia. Ukiifuta apu ya mfumo hupati nafasi ya picha zako. Apu za kiwandani zinakaa kwenye kizigeu chao, yani sehemu yao iliyotengwa kwenye hifadhi ya simu, inaitwa /system, wakati picha, video na WhatsApp yako vipo kizigeu kingine, /data, hawachanganyi. Utakachookoa ni masasisho yake na deta zake zilizohamia upande wako, pamoja na RAM na bando. Anaetaka nafasi afute status za watu alizosevu.

Mzee wa Titanium:
Nyie mnaongelea simu za juzi. Enzi zile 2012, 2013 hivi mtaa ulijaa simu used za Marekani zilizotoka kwenye mitandao ya kule, zinakuja zimefungwa laini, unamlipa fundi anafungua, unaweka laini yako inasoma, unafurahi, mara mlinzi wa Kimarekani anakwambia jisajili uanze kulipia kwa dola kila mwezi. Kwa dola jamani, na mi nipo Temeke.

Nilikuwa natumia Titanium Backup, apu ya kugandisha na kubakapu apu kwenye simu iliyorutiwa, wakongwe wanaijua, na sheria yangu ilikuwa gandisha kwanza ndo ufute. Unaigandisha apu, yani unaisimamisha bila kuifuta, unaishi na simu kama kawaida, piga simu, tuma meseji, washa hotspoti, weka alamu, ukiona kimya unachukua bakapu ya apk, lile faili la apu yenyewe, unaiweka kwenye kadi ndo unafuta. Walioruka hatua ya kugandisha ndo waliokuwa wanatuletea simu haziwaki, zimebaki kwenye nembo.

Na kulikuwa na HTC zenye S-ON, kufuli ya usalama ya kiwandani, hizo zilichanganya watu sana. Una ruti kabisa, unafuta faili kwenye /system, linapotea machoni, unazima unawasha, hilo hapo. Watu wakawa wanasema kirusi. Hamna kirusi, kizigeu kilikuwa kinalindwa kisiandikwe wakati simu inafanya kazi, kwa hiyo kile ulichofuta hakikufika hata kwenye chipu. Dawa ilikuwa kuingia rikavari, ile sehemu ya matengenezo inayowaka bila mfumo wenyewe, na kufutia kule, au kutafuta S-OFF, yani kuizima hiyo kufuli kabisa.

Mkunazini Muscat:
Asalaam alaykum. Mie nipo Muscat huku, natumia Samsung ya zamani niliyoiruti mwenyewe. Anaepata ile arifa ya kwamba vitendo visivyoruhusiwa vimegunduliwa, washa simu upya, basi anaeileta ni SecurityLogAgent, paketi yake, yani jina lake ndani ya mfumo, ni com.samsung.android.securitylogagent. Mie niliizima hiyo peke yake, arifa ikakata, sikugusa kitu chengine. Wala siilaumu, kazi yake ndio hiyo, imeona mlango umevunjwa inapiga kelele.

Lakini nawaona vijana wanasema "nimeitoa Knox". Umetoa kipi? Knox, huo mfumo wa usalama wa Samsung, ina apu, ndio, lakini tokea 2013 kuna na fyuzi ndani ya simu yenyewe. Ukishaweka romu (mfumo mzima wa simu) au rikavari isiyosainiwa na Samsung inaungua, 0x0 inakuwa 0x1, na hairudi hata ukiweka romu ya kiwandani tena. Baada ya hapo Folda Salama na Samsung Pay uziage. Apu utazifuta zote lakini fyuzi iko pale pale. Zama za SuperSU, apu ya kusimamia ruti, ilikuwa ikifunguka tu inakuuliza, nimeona Knox, nijaribu kuizima? Ilikuwa inazima hizo apu zake tu, si fyuzi.

nyali_tek:
Niaje wadau, Mombasa hapa. Hamjamuuliza jamaa anatumia Android gani na hiyo ndio inaamua kila kitu. Hizo story za kufungua /system ufute folda ni za kitambo. Simu nyingi zilizotoka na Android 10 kwenda juu, system inakuja imefungwa kwa kusomwa pekee, vizigeu vyote vimewekwa ndani ya kimoja kikubwa kinaitwa super, unaeza kuwa na ruti na bado ukijaribu kuandika inakataa kabisa. Na hata kwa zile zinazokubali, kuna dm-verity, inakagua system wakati wa kuwaka, ikipata imebadilishwa bila ruhusa simu haiwaki.

Yangu nilitumia Magisk, zana ya ruti isiyogusa system yenyewe. Uzuri wake haifuti kitu, inaificha. Unatengeneza moduli, yani kifurushi cha nyongeza cha Magisk, yenye folda ya jina lile lile la apu, ndani unaweka faili tupu linaitwa .replace, ukiwasha simu mfumo unaona pale hakuna kitu. Ukibadilisha mawazo unatoa moduli, apu inarudi kama ilivyokuwa. Na system yako inabaki safi, sababu ukiigusa yenyewe masasisho ya kampuni ya simu huwa yanagoma, tangu Android 5 yanakagua kizigeu kizima kabla ya kuandika.

Mbuyuni_Jr:
@nyali_tek ni Android 11, na kweli nilijaribu kufuta na faili meneja ikaniambia haiwezekani, nikadhani ruti yangu feki. Magisk ninayo. Je kuna ambaye ametumia kompyuta?

mwl wa TEHAMA:
Mimi. Na wala sijaruti, nafundisha sekondari huku Moro na simu yangu naitegemea siwezi kuichezea. Nenda kuhusu simu, bonyeza namba ya muundo mara saba utapata chaguo za wasanidi programu, washa utatuzi wa USB, unganisha na kompyuta yenye ADB, programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta. Tafuta jina la paketi kwanza:

adb shell pm list packages

Anza na kuizima:

adb shell pm disable-user --user 0 jina.la.paketi

Ikikataa, au ukiona simu ipo sawa na unataka isionekane kabisa:

adb shell pm uninstall -k --user 0 jina.la.paketi

Hiyo inaitoa kwako wewe mtumiaji ila apk yake inabaki kwenye mfumo, kwa hiyo ukifanya faktori riseti itakusubiri pale pale. Ukitaka kuirudisha bila riseti:

adb shell cmd package install-existing jina.la.paketi

Andika kwenye daftari kila paketi uliyotoa tafadhali. Baada ya miezi mitatu kamera au hotspoti ikianza vituko utakuwa hukumbuki ulitoa nini.

fundi wa Mchikichini:
Ticha umemaliza. Niongeze hapo kwenye jina la paketi maana ndo vifo vinatokea. Neno "usalama" kwenye jina halimaanishi antivairasi. Chukua mfano MIUI, mfumo wa simu za Xiaomi, kuna com.miui.guardprovider, hii ndo yenye injini za antivairasi, ukiitoa maisha yanaendelea. Halafu kuna com.miui.securitycenter, mtu anaona security anasema hii hapa mchawi wangu. Hiyo imebeba ruhusa za apu, betri, matumizi ya deta, mfumo wenyewe unaiegemea, kwenye matoleo mengi ukiitoa simu inaingia butilupu, inawaka inazima inawaka inazima, mwisho inakupeleka rikavari kukuomba ufute kila kitu.

Kuna mteja alinijia na simu ya namna hiyo, katoa orodha nzima aliyopewa kwenye grupu la WhatsApp, ya simu ambayo hata sio yake. Picha za harusi ya dada yake zilikuwa humo. Butiloda, ile programu inayoiwasha simu, imefungwa, utatuzi wa USB kauzima baada ya kumaliza, sasa utaingilia wapi. Zikaenda.

Na huyo guardprovider ana historia. 2019 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba ilikuwa inashusha masasisho yake bila kuyalinda njiani, ndani ina injini tatu za makampuni tofauti, Avast, AVL na Tencent, mtu aliye kwenye WiFi moja na wewe angeweza kupenyeza vitu vyake humo. Xiaomi wakarekebisha. Mlinzi ndo kaacha dirisha wazi.

chaji_mbili:
Mie ya kwangu tofauti, antivairasi ililetwa na ruti yenyewe 😂. Zile apu za kubonyeza mara moja simu inarutiwa, za enzi za Android 4 na 5. Ikarutiwa kweli, afu ikaja na kisafishaji chake na meneja wake, ukitaka kutoa meneja inakwambia na ruti inaondoka. Nikatoka kwa mlinzi mmoja nikapata wawili. Nilikuja kuflashi romu, yani kuisimika upya nzima, kupitia kompyuta ndo nikapumua.

Mzee wa Titanium:
Hapo kwenye visafishaji muwe makini, kuna vingine sio apu ya kiwandani kabisa, ni kirusi kimevaa sare. xHelper ilikuwa inajifanya kisafisha simu, ukiiweka haionekani kwenye skrini kuu wala kwenye menyu ya apu, mpaka uingie orodha ya apu kwenye setingi. Kaspersky waliieleza vizuri 2020, ilikuwa inawapata zaidi wenye Android 6 na 7 za Kichina, inajirutia yenyewe, inajiandika kwenye kizigeu cha mfumo na kubadilisha libc.so, faili muhimu la mfumo, ili mtu mwingine asiweze kufungua kile kizigeu kuandika. Kwa hiyo hata riseti haikusaidia. Mbuyuni, kama hiyo yako ilianza kuonekana katikati ya safari na haikuwepo siku unanunua, usihangaike na pm uninstall, flashi romu rasmi nzima.

Mbuyuni_Jr:
Ilikuwepo toka siku ya kwanza mzee, hata kwenye picha ya boksi wameichora.

kijana_wa_kona:
Naomba kuuliza wakubwa, simu ya mkopo ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, apu yao inayofunga simu inatoka kwa hiyo amri ya ticha?

mwl wa TEHAMA:
Hapana na sitakusaidia hilo mwanangu, hiyo sio takataka ya kiwandani, hiyo ni dhamana ya deni ulilosaini.

fundi wa Mchikichini:
Hata kiufundi usijisumbue. Nyingi zimefungwa kwa IMEI kwenye seva yao, unafomati, ikigusa intaneti tu inajirudisha na kufunga. Wanaletewa mafundi kila siku na sisi tunawaambia maliza deni, ukishamaliza wanaitoa wao.

nyali_tek:
Nirudi kwa ruti. Nilitoa ile security yote kwa simu, nikafurahi, halafu apu ya benki ikakataa kufunguka, imeona ruti. Kuficha ruti kwa Magisk kunasaidia leo, kesho Google wanakaza tena, ni mchezo wa paka na panya na mimi nikachoka. Nilinunua kasimu kadogo ka pesa pekee, hakajarutiwa wala hakaguswi. Na tuseme ukweli, ukiwa na ruti apu yoyote utakayobonyeza "ruhusu" bila kusoma inaeza fanya chochote, hiyo hatari ni kubwa kuliko antivairasi ilikuwa inakukinga nayo.

Mkunazini Muscat:
Kwa hilo mie napingana nawe kidogo. Simu ya zamani ambayo kampuni imeshaacha kuiletea masasisho ya usalama, kufungua butiloda, mlango ule ule wa ruti, ndo kunaniwezesha kuweka romu mpya. Antivairasi ya kiwandani haizibi tundu la mfumo hata siku moja.

Mbuyuni_Jr:
Mrejesho wakuu. Nilitoa cheo cha msimamizi, kumbe kilikuwepo kweli. Nikaizima kwa amri ya ticha nikaiacha hivyo tangu juzi, hotspoti ipo, kamera ipo, alamu imelia asubuhi, matangazo hakuna. Moduli ya Magisk nimeitengeneza ila bado sijaiwasha. Kitu kimoja tu, kwenye ukurasa wa betri sasa nikibonyeza "boresha" inatokea skrini nyeupe halafu inarudi nyuma, ndo kawaida?

fundi wa Mchikichini:
Ndo kawaida, kile kitufe kilikuwa mlango wa kuingilia kwenye ile apu. Kiache. Moduli usiiwashe mpaka umehamisha picha kwenye kompyuta.