Naomba ushauri: mvinyo mkongwe wa Bordeaux wa kuweka stoo ya nyumbani

Mtanga Ughaibuni:
Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Bordeaux kwa miaka mingi sasa, na nyumba tuliyohamia ina stoo ya chini ya ardhi yenye kuta za mawe ambayo mpaka leo imejaa baiskeli na ndoo za rangi. Nimekusudia kuweka humo chupa 12 za mvinyo wa hapa hapa uliokwisha kukaa miaka mingi, nami nimetenga euro 1,800. Mke wangu ni mwenyeji wa Libourne, na wakwe zangu wanaujua mvinyo kama watu wa pwani tunavyowajua samaki, ndiyo maana naona haya kuwauliza. Nichague mashamba gani na miaka gani ya mavuno ili nisije nikajuta? Nitashukuru nikipata majibu kabla ya Jumamosi.

Kizibo Kirefu:
Ndugu yangu, nimehudumia mvinyo hotelini kwa miaka 14, kwa hiyo nitakueleza nilichokishika kwa mikono. Anza na mto unaoyagawa mashamba ya Bordeaux. Upande wa kushoto, yaani Médoc na Graves, zabibu inayotawala ni Cabernet Sauvignon na mvinyo wake hutaka subira. Upande wa kulia, kule Saint-Émilion na Pomerol, Merlot ndiyo mama wa nyumba, na mara nyingi mvinyo hulainika mapema zaidi. Mwaka 1996 uliupendelea upande wa kushoto, 1998 ukaupendelea wa kulia, ilhali 1990, 2000, 2005, 2009, 2010 na 2016 ilikuwa miaka mikubwa pande zote mbili. Usiyakimbilie mashamba ya majina makubwa kama Lafite na Latour, kwa sababu fedha yako itaishia kwenye chupa chache mno. Tafuta shamba la jina dogo katika mwaka mkubwa. Stoo iwe na nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda, unyevu wa kama asilimia 70, na chupa zilazwe ili kizibo kisikauke. Sasa nikuulize: kwa nini kabla ya Jumamosi?

Binti wa Zabibu:
Kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na marehemu baba alikuwa na shamba dogo. Nakumbuka msimu mmoja mvua ilishuka siku ambazo matenga yalikuwa tayari yamepangwa kando ya shamba. Ukishika kishada, punje zinapasuka zenyewe na maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, matamu kidogo tu kama chai ya mtu anayebana sukari. Baba aliuza mzigo wote kwa hasara, na aliyeununua akatengeneza mvinyo ambao hata yeye hakuupenda. Tangu siku hiyo nikiona chupa nauliza kwanza mvua ya mwaka ule, jina la shamba baadaye.

Mwalimu Mstaafu:
Mwanangu, swali lako limekosewa mlango. Baba mkwe ni mzazi, na kumwuliza si aibu bali ni heshima unayompa. Mimi nilijenga nyumba yangu ya kwanza bila kumshirikisha mkwe wangu aliyekuwa fundi mwashi, akaninunia miaka mitatu, na paa nalo likavuja.

Kizibo Kirefu:
Shikamoo Mwalimu. Narudia kwa mwenye uzi: Jumamosi kuna nini, na ni miaka ipi unayoitazama?

Mtanga Ughaibuni:
Nitasema ukweli. Mke wangu alizaliwa 1992, na nataka tufungue chupa hizi atakapotimiza miaka 40. Nimempata mtu anayeuza kasha la chupa 12 zote za mwaka huo, urithi wa babu yake. Nimekwisha kumlipa euro 700 na Jumamosi namalizia. Zimo chupa sita za Pomerol ambazo anasema ni za daraja la kwanza la 1855, nne za Médoc, na mbili za Château d'Yquem, mvinyo mweupe mtamu. Najua mtasema 1992 haukuwa mwaka mzuri, lakini zawadi hii ni ya maana yake, na mwaka wa kuzaliwa haubadilishwi.

Msema Kweli:
Hapa naomba tusimame, kwa sababu naamini hadithi hii imetungwa. Orodha ya 1855, iliyoyapanga mashamba ya Bordeaux kwa madaraja, iliandaliwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na mashamba mekundu yaliyomo ni ya Médoc, pamoja na Haut-Brion la Graves. Pomerol haikuwamo, na hadi leo haijawahi kuwekewa madaraja. Kubwa zaidi, Yquem hawakutoa mvinyo wao mtamu wa mwaka 1992, waliuona haufikii kiwango chao. Mtu anayeishi Bordeaux, aliyeoa Libourne, hatua chache kutoka Pomerol, asijue hayo?

Mtanga Ughaibuni:
Sikutunga neno hata moja. Chupa nilizishika mwenyewe, zimeviringishwa kwenye magazeti ya zamani. Za mvinyo mwekundu, kimiminika kimeshuka mpaka katikati ya bega la chupa, na moja ina utomvu unaonata chini ya kifuniko cha bati. Zile za Yquem zimejaa hadi shingoni, lebo nyeupe safi, na rangi yake ni njano hafifu kama majani makavu. Niliona hizo ndizo zilizotunzwa vizuri.

Kizibo Kirefu:
Msema Kweli, mimi namwamini, maana hakuna anayetunga utomvu chini ya kifuniko. Ndugu yangu, mvinyo mtamu wa Sauternes, eneo linakotoka Yquem, wenye umri huo ungekuwa na rangi ya dhahabu nzito inayoelekea kahawia, na ule mwekundu uliovuja umekwisha kupitisha hewa. Mavuno ya 1992 yaliharibiwa na mvua, jambo ambalo Binti wa Zabibu amelieleza vizuri kuliko mimi. Mvinyo mwingi wa mwaka huo ulipaswa kunywewa zamani, usemeje miaka 40! Usimpe huyo mtu hata senti, dai 700 zako kwa maandishi. Mlifunga ndoa mwaka gani?

Mpenda Port:
Kama lazima iwe 1992, vuka mpaka uende Ureno. Kampuni za Taylor's na Fonseca zilitoa Port, ule mvinyo mtamu mkali wa huko, ya mwaka huo, nayo huishi miaka mingi sana.

Mtanga Ughaibuni:
Tulifunga ndoa 2016.

Kizibo Kirefu:
Basi jibu unalo nyumbani. Nunua chupa nane za Médoc za 2016, ambazo mwaka 2032 zitakuwa na miaka 16 na zitakuwa zimeanza kufunguka, kisha ongeza nne za 2005 za kunywa mkisubiri. Nunua dukani, upewe risiti.

Mtanga Ughaibuni:
Nimemwandikia muuzaji kwamba sitamalizia malipo na kwamba nazitaka 700 zangu, hajajibu. Jioni nilimpigia baba mkwe. Alinyamaza kidogo, akauliza kama stoo yetu ina bomba la maji ya moto, nikakumbuka kwamba linapita ukutani, juu ya pale nilipopanga kuweka rafu. Anakuja Jumamosi na kipimajoto chake. Hata hivyo chupa moja ya 1992 nitaitafuta dukani, Wakuu, hata kama haitanyweka.