Tezi za mate zimevimba, anti-SSA chanya: tuanze na ultrasaundi, MRI, sialografia au skani ya nyuklia?

dada_wa_tanga
Wadau, habari za jioni. Mama yetu ana miaka 52, na huu ni mwaka wa pili mdomo unamkauka. Ugali haushuki bila maji, macho yanamkereketa kama yana mchanga. Chini ya masikio pamevimba pande zote mbili. Majirani walisema matubwitubwi. Daktari anashuku Sjögren, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi za mate na za machozi. Kipimo cha damu cha anti-SSA, kinga inayoshambulia mwili wenyewe, kimetoka chanya. Tumetajiwa picha hizo nne na fedha ni ya kuchangishana. Tuanze na ipi?

fundi_picha
Pole kwa kuuguza. Anzeni na ultrasaundi. Haina mionzi wala sindano, na tezi za mate za parotidi (karibu na masikio) na za chini ya taya ziko karibu na ngozi, zinaonekana vizuri. Tezi yenye afya ina kijivu kimoja kinachofanana kote. Ya Sjögren huwa na madoa meusi. Tunaipa daraja 0 hadi 3: kwenye 2 madoa yapo lakini tishu yenye afya bado imebaki, kwenye 3 yameenea tezi yote, au tezi imegeuka kovu.

Udhaifu wake ni kwamba inategemea mkono na jicho la mpimaji. Ulizeni kama wana kile kichwa bapa cha kupimia shingo, si kile cha mimba. Na aandike daraja la kila tezi, zote nne.

mgonjwa_mwenzenu
Mimi nilifanyiwa sialografia zamani. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye tundu la mate ndani ya shavu, wanasukuma dawa yenye iodini, kisha wanapiga eksirei. Shavu lilijaa, mkazo ule sijausahau. Picha ilionyesha vitone vitone, kama mti uliopukutika majani ukabaki na matunda. Tezi ikiwa na maambukizi makali haifanywi, na mwenye mzio wa iodini aseme mapema. Leo nisingeikubali mahali penye ultrasaundi.

daktari_wa_kinywa
Naungana nanyi. Mirija ileile MRI, picha ya mashine ya sumaku, inaionyesha bila kusukuma chochote, kwa sababu mate yenyewe yanang'aa kwenye picha. Skani ya nyuklia ni jambo lingine: unachomwa teknesiamu, dawa yenye mionzi kidogo, mshipani, kamera inafuatilia tezi zinavyoivuta, halafu unawekewa limau ulimini. Tezi yenye afya inamwaga, iliyochoka haimwagi. Inapima kazi ya tezi, haikwambii kilichoiharibu.

Lakini dada, picha si ya kumpa mama jina la ugonjwa. Vigezo vya mwaka 2016 vya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani na Ulaya havina picha hata moja. Vilitungwa kwa ajili ya utafiti, ila kliniki nyingi huviangalia. Zinatakiwa pointi 4. Anti-SSA ni 3, kipande kidogo cha tezi kinachokatwa ndani ya mdomo, kikionyesha ugonjwa, 3, karatasi ya machozi isiyolowa zaidi ya milimita 5 kwa dakika 5 ni 1, mate yasiyozidi mililita 0.1 kwa dakika ni 1. Mama ana 3 tayari. Akitema mate kwenye kikombe yakapimwa, huenda hata kukatwa mdomo kusihitajike. Ni kipimo cha bei ndogo mno, na wengi wanakiruka.

Apime pia VVU na homa ya ini C. VVU navyo huvimbisha parotidi pande zote, na vifuko vyake vya maji vinaweza kufanana na Sjögren kwenye ultrasaundi.

dada_wa_tanga
Asante sana daktari. VVU alipima, hana. Homa ya ini bado. Kwa hiyo MRI haina kazi kwetu?

daktari_wa_kinywa
Inayo, ila si leo. Sjögren huongeza hatari ya limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, na parotidi ni moja ya mahali inapopenda kuanzia. Uvimbe ukiwa mgumu, ukikua upande mmoja, ukikataa kushuka, au mama akipungua uzito na kutoka jasho usiku, hapo changeni ya MRI bila kusubiri, na daktari achukue kipande.

fundi_picha
Ndiyo maana msiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Ombeni picha zenyewe kwenye CD, zenye vipimo vya kila tezi. Akirudi mwaka kesho na uvimbe, atakayempima atahitaji kuona ulikuwa na ukubwa gani leo.