Je, orodha za majina ya watoto za nchi mbalimbali zinaweza kulinganishwa?

Mdadisi (mleta mada)

Wanajukwaa, salamu kwenu. Nimekuwa nikizipitia orodha za majina wanayopewa watoto wachanga, ambazo idara za takwimu za nchi nyingi huzichapisha kila mwaka, na kuna jambo limenitatiza. Jina la Olivia limeongoza kwa wasichana huko England na Wales tangu mwaka 2016, na Marekani tangu mwaka 2019. Noah, Liam, Emma, Mia na Luca nayo hujitokeza tena na tena katika nchi ambazo wenyeji wake hawazungumzi lugha moja. Ukitazama juu juu utasema kwamba wazazi wa dunia nzima wanaelekea kwenye kapu moja la majina. Hata hivyo, nikifungua orodha za Afrika Kusini nakutana na Enzokuhle na Lethabo, majina ambayo hayapatikani kwingineko isipokuwa kwa jirani zake, na picha yote inavurugika.

Swali langu ni hili: je, majina yanafanana kweli duniani, au ni namna ya kuhesabu inayotufanya tuyaone yanafanana? Na kama mtu anataka kulinganisha, alinganishe nchi kwa nchi au kundi la lugha kwa kundi la lugha?

Karani wa Takwimu

Ndugu mleta mada, kabla hatujajadili mitindo, tukubaliane kwanza kwamba nyingi ya orodha hizo hazihesabu majina, bali zinahesabu tahajia. Mwaka 2023, huko England na Wales, Muhammad lilishika nafasi ya kwanza kwa wavulana likiwa na watoto 4,661, huku Noah likifuata na watoto 4,382. Waliosoma habari hiyo kwa haraka waliiona kuwa mageuzi ya ghafla. Mohammed na Mohammad, lakini, nayo yalikuwamo ndani ya majina 100 ya juu, kila moja likiwa na mstari wake, na laiti wahesabuji wangeyajumlisha yote, jina hilo lingekuwa limefika kileleni miaka mingi kabla. Hapo hatujagusa Mohamed la Afrika Kaskazini, Mehmet la Waturuki wala Mamadou la Afrika Magharibi, ambayo yote yana asili moja.

Marekani wana utaratibu huohuo. Aiden, Aidan, Ayden na Aden huhesabiwa kama majina manne tofauti, ingawa mama akiita mlangoni watoto wote wanne wataitika. Matokeo yake ni kwamba jina linaloandikwa kwa njia moja tu, kama vile Noah, hupanda kirahisi, ilhali jina ambalo wazazi hupenda kulichezea herufi hugawanyika kura na kuonekana dogo kuliko lilivyo. Kwa hiyo sehemu ya ule mfanano unaouona ni zao la kanuni hii: majina mafupi yasiyo na tahajia mbadala ndiyo yanayobaki juu ya orodha.

Japani mambo yamekaa kinyume. Huko herufi zilezile za kanji, yaani alama za maandishi zenye asili ya Kichina, zinaweza kusomwa kwa matamshi kadhaa, na ndiyo maana huwekwa orodha mbili, moja ya maandishi na nyingine ya matamshi, na mshindi wa orodha moja si lazima ashinde kwenye ya pili. Hata rejista ya familia yenyewe haikuwa ikidai matamshi ya jina yaandikwe. Sheria ya kuyadai imeanza kutumika Mei 2025. Ujerumani nako serikali haitoi orodha ya taifa, na orodha inayonukuliwa na magazeti hukusanywa na chama cha lugha ya Kijerumani kutoka ofisi za usajili. Ukiweka takwimu za nchi hizi kwenye jedwali moja, safu zake hazipimi kitu kimoja.

Msomaji wa Kale

Nakubaliana na Karani kuhusu tahajia, ila naona ameiacha nguvu iliyozifunga orodha nyingi kwa muda mrefu kuliko mitindo, nayo ni sheria.

Chukueni Ufaransa. Sheria ya mwaka 1803 iliwataka wazazi wachague majina yaliyomo katika kalenda, yaani ya watakatifu, au ya watu mashuhuri wa historia ya kale, na karani wa usajili alikuwa na mamlaka ya kulikataa jina. Mwaka 1966 maelekezo ya serikali yalilegeza kamba, na mwaka 1993 sheria mpya ikawapa wazazi uhuru wa kuchagua, karani akibaki na wajibu wa kumtaarifu mwendesha mashtaka pale anapoona jina linamdhuru mtoto. Ni rahisi kudhani kwamba majina ya kigeni yalifurika baada ya hapo. Ajabu ni kwamba jina la Kevin, ambalo Wafaransa hulitaja kila wanapozungumzia majina yaliyoletwa na filamu na televisheni, lilifikia kilele chake mwaka 1991, yaani kabla ya uhuru huo kutangazwa. (Kevin ni mtakatifu wa Ireland, kwa hiyo hata karani mkali angeishiwa hoja.) Mwaka huohuo liliongoza Ujerumani pia. Kwa maoni yangu sheria ya 1993 iliidhinisha kile ambacho wazazi walikuwa wameshaanza kukifanya.

Hispania inajibu sehemu ya pili ya swali lako vizuri zaidi. Chini ya utawala wa dikteta Franco majina ya Kibaski na ya Kikatalani, lugha za baadhi ya maeneo ya nchi hiyo, hayakuruhusiwa kwenye rejista, na mtoto aliyeitwa Jordi nyumbani aliandikwa Jorge. Ruhusa ilirejea mwaka 1977. Leo katika Nchi ya Wabaski utakuta Markel, Unai na Ane yakiwa juu, wakati orodha ya Hispania nzima ina sura nyingine kabisa. Anayelinganisha Hispania na Ureno kama nchi mbili tu atawapoteza Wabaski wote njiani.

Mpitaji

Kwa kifupi: wapo wanaochapisha kwa makundi ya lugha tayari. Uswisi hutoa orodha ya nchi na pia orodha za maeneo ya Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Kwenye eneo la Kiromanshi wanaozaliwa ni wachache kiasi kwamba watoto wa kuhesabika kwa vidole hutosha kuliweka jina juu, kwa hiyo usishangae nafasi zikibadilika kila mwaka. Ubelgiji nayo hutenganisha mikoa yake mitatu, Flanders, Wallonia na Brussels, na Mohamed limekuwa kileleni Brussels kwa miaka mingi bila kuongoza katika Flanders wala Wallonia.

Mdadisi (mleta mada)

Nawashukuru sana. Naona sasa kwamba nafasi ya kwanza peke yake haisemi mengi. Nina swali dogo la nyongeza kwa Karani: je, kuna kipimo kinachoweza kuvuka mipaka ya tahajia na ya lugha?

Karani wa Takwimu

Kipo, na binafsi nakithamini kuliko nafasi yenyewe: tazama ni sehemu gani ya watoto wote waliopewa jina linaloongoza. Mwaka 1880, ambao ndio mwaka wa kwanza katika takwimu za Marekani, John peke yake lilichukua zaidi ya asilimia 8 ya wavulana. Siku hizi Liam linaongoza likiwa na takriban asilimia 1. Kwa maneno mengine, mshindi wa leo asingeingia hata kwenye majina kumi ya juu ya mwaka huo wa 1880. Muda wa kutawala nao umefupika. Mary liliongoza kuanzia 1880 hadi 1946, kisha likarudi kwa miaka kadhaa baada ya Linda kupita. Jennifer likatawala kuanzia 1970 hadi 1984. Emma kuanzia 2014 hadi 2018 tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na dhana ya kapu moja. Wazazi wa nchi tofauti wanakutana juu ya majina machache ya kileleni, lakini chini ya kilele hicho wametawanyika kuliko wakati wowote katika takwimu hizo, na utawanyiko huo ndio unaofanya majina machache yanayotamkika kwa lugha nyingi yaonekane makubwa. Mia, Luca na Noah hayana konsonanti zilizorundikana, na familia yenye lugha mbili inaweza kuyaita kwa bibi wa upande wowote bila kuyavunja. Adam na Sara yana sifa hiyohiyo, tena yanakubalika kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi.

Msomaji wa Kale

Niongeze tahadhari moja juu ya kipimo cha Karani. Kinafaa pale ambapo jina ni suala la kuchagua. Ugiriki, kwa desturi, mtoto hupewa jina la babu au bibi, kwa hiyo majina machache hubaki juu kizazi baada ya kizazi. Kwa Waakan wa Ghana siku ya kuzaliwa huamua jina mojawapo: mvulana wa Ijumaa ni Kofi, na msichana wa Jumamosi ni Ama. Asilimia ya akina Kofi haipimi mtindo wowote, inapima Ijumaa. Kwa jamii za aina hiyo ningelinganisha majina ya pili, yale ambayo wazazi huyaongeza kwa hiari yao, na ningeyatenga na jedwali la akina Olivia.