Mabango ya taa kwenye matengenezo ya barabara yanatudanganya, na jana usiku karibu mtu afe

Wakuu, sijalala. Nimepaki lori pembeni, mikono bado inatetemeka, na naandika hii sa hivi kabla hasira haijapoa maana nikisubiri nitaishia kusema "ah basi" kama siku zote. Naongelea yale mabango ya taa, yale yaliyopandishwa kwenye tela dogo lenye sola juu na maandishi ya rangi ya chungwa, wanayoyaburuta na kuyaacha pembeni mwa lami kukiwa na matengenezo au daraja bovu. Jana usiku pikapu imeingia nyuma ya tela la mwenzangu, mimi naona kwa macho yangu, na bango lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Limeandika FOLENI MBELE. Na kweli foleni ilikuwepo. Shida ni kwamba limesema hivyohivyo siku 11 mfululizo wakati hamna foleni, hamna mtu, hamna hata koni moja barabarani.

Hamna aliyekufa, namshukuru Mungu. Dereva wa pikapu kavunjika mkono. Ngoja nianze mwanzo ili mnielewe.

Wiki tatu zilizopita walianza kazi kwenye daraja, njia ambayo mi napita na semi mara nne kwa wiki. Usiku wa kwanza nimefika kama saa tano, bango naliona kwa mbali nikaachia mafuta, nikaanza kusoma. Maandishi yanabadilika kwa zamu, kama kurasa. Ukurasa wa kwanza: SAMAHANI KWA USUMBUFU. Ukurasa wa pili: BARABARA IMEFUNGW, alafu ile A ya mwisho imeshuka mstari wa chini imekaa peke yake, kichwa kinapoteza sekunde nzima kuiunganisha. Ukurasa wa tatu: TUMIA NJIA MBADALA. Wa nne jina la mradi, na ENDESHA SALAMA. Sasa njia mbadala ipi? Iko wapi, kulia au kushoto, inabeba tani ngapi? Hakuna. Na wakati bado najiuliza ndo nagundua njia panda ya kuchepukia nimeshaipita, iko mita kama 400 nyuma yangu. Bango wameliweka BAADA ya njia panda!

Mwenye gari dogo hapo anakata kona anarudi, yameisha. Mi nina semi yenye mzigo, lami nyembamba, mtaro huku na huku. Utingo wangu alishuka na tochi ya simu akatembea nyuma ya tela zile mita 400 zote, mi narudi rivasi kwa kusikiliza sauti tu, "twende, twende, kata kulia, simama SIMAMA", kila gari ikija nyuma anaikimbilia anapunga ile simu isimame mbali. Mara mbili niliona taa ya tochi imepotea kwenye kioo nikajua nimemkanyaga. Zilituchukua dakika 50. Dakika 50 za kijana wa watu kutembea usiku katikati ya barabara kwa sababu kuna mtu aliona sehemu ya kuegesha lile tela ni nzuri pale mbele kuna uwazi.

Nilipofika nikaanza kusoma hii ishu kwa hasira, na kumbe wala sio kitu cha kubahatisha, watu walishakaa wakapima. Mwongozo wa alama za barabarani wa Marekani, ule wanaouita MUTCD, unasema ujumbe kwenye haya mabango usizidi kurasa mbili. Mbili. Kila ukurasa ukae angalau sekunde 2, na zote mbili kwa pamoja mzunguko usizidi sekunde 8, na kila ukurasa ujitegemee, yaani hata mtu akikutana na wa pili kwanza aelewe. Maandishi yasiruke, yasitembee, yasiyeyuke kama tangazo la biashara. Na yasomeke mita kama 240 mchana, usiku mita kama 180.

Sasa piga hesabu na mimi. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Mita 180 za usiku unazimaliza kwa sekunde 8, na mwishoni hapo bango limeshakaa pembeni ya kioo huwezi kulisoma tena, kwahiyo una kama sekunde 6 au 7 za kweli, na hapo macho yako yawe hayana kazi nyingine. Lile bango la kwangu kurasa nne, nilizihesabu siku nyingine, kila mmoja sekunde 3. Sekunde 12. Kwa mwendo huo ni zaidi ya mita 260. Hakuna binadamu anayeweza kulisoma lote, hata awe na macho ya mwewe! Ina maana kila dereva anaondoka na kipande chake, mmoja kaondoka na SAMAHANI KWA USUMBUFU, mwingine ENDESHA SALAMA, na yule mwenye bahati ndo kakutana na barabara imefungwa. Na ukiwa nyuma ya basi ndo kabisa, unaona tu mwanga wa chungwa unapepesa juu ya buti la mwenzako.

Alafu kuna hii ya lugha ambayo naona hakuna anayeifikiria. Mabango mengi ya kwenye tela yana mistari mitatu, herufi 8 kila mstari. Hizo herufi 8 zinatosha kwa watu wenye maneno mafupi. Sisi neno letu moja limebeba sentensi nzima. IMEFUNGWA ni herufi 9, haiingii. TAHADHARI 9, haiingii. HAIPITIKI 9. LIMEFUNGWA 10. Kwahiyo jamaa anaandika kama anavyoandika kwenye karatasi, mashine inakata inapotaka yenyewe, na dereva anaachiwa IMEFUNGW. Lakini kaa dakika tano tu na kalamu utapata. MCHEPUKO ni 8 kamili. IMEZIBWA ni 8. PUNGUZA 7, MWENDO 6, KUSHOTO 7. Ungeniandikia ukurasa wa kwanza DARAJA / MBELE / BOVU, ukurasa wa pili MALORI / KATA / KUSHOTO, ukaniwekea kilomita moja kabla ya njia panda, nisingerudi rivasi usiku ule. Maneno sita!! Inauma kwamba SAMAHANI ina herufi 8 na USUMBUFU nayo 8, ndo zinaingia vizuri, ndo wanazipenda. Mi samahani yako siihitaji nikiwa kwenye spidi, nahitaji kushoto au kulia.

Na hayo ya ENDESHA SALAMA na maneno ya mawaidha, msiyachukulie kwamba hata kama hayasaidii basi hayadhuru. Texas walikuwa wanaonyesha idadi ya waliokufa barabarani mwaka huo kwenye mabango yao makubwa ya barabara kuu, wiki moja kila mwezi, tangu 2012. Mwaka 2022 watafiti wawili, Jonathan Hall na Joshua Madsen, wakachapisha kwenye jarida la Science walichokikuta: wiki ambazo zile namba zinaonyeshwa, ajali kwenye kilomita 10 za baada ya bango ziliongezeka kwa asilimia 4.5. ZILIONGEZEKA. Kichwa cha dereva kina nafasi yake, ukikijaza na jambo zito asiloweza kulifanyia lolote pale pale, unaiba akili iliyotakiwa kuangalia gari la mbele. Nia yao ilikuwa nzuri kabisa. Sasa kama neno lenye nia nzuri linaweza kuumiza watu, hilo lililoachwa tu linawaka kwa uzembe je?

Usiku ni janga lingine. Wanaacha mwanga wa mchana uleule, taa zinakuchoma, ukilipita bango unaingia kwenye giza huoni kitu kwa sekunde kadhaa na hapo ndo kuna koni na vijana wenye makoleo. Bango linatakiwa lijipunguze lenyewe kukiingia giza, lina kihisi cha mwanga kwa kazi hiyo, kikijaa vumbi hakuna anayekifuta. Na mvua zikinyesha siku tatu betri inaisha, nimeshakuta moja limeegeshwa chini ya mti, sola kivulini kutwa nzima, saa mbili usiku limezima tii. Hizi taa pia zinaonekana ukiwa umezielekea tu, wakiligeuza tela kidogo lisikutane na macho ya dereva, basi wamekuwekea sanduku jeusi pembeni ya barabara, tena la kugonga.

Turudi kwenye zile siku 11.

Baada ya wiki ya kwanza walifungua daraja. Wakatoa koni, wakatoa vijana wa bendera, wakaondoka. Bango wakaliacha linawaka. FOLENI MBELE, PUNGUZA MWENDO, usiku na mchana. Siku ya kwanza nilipunguza, nikatafuta hiyo foleni mpaka nikavuka daraja. Siku ya pili nikapunguza kidogo. Ya tatu, nasema ukweli mbele yenu, sikugusa breki. Na mimi ndo dereva wa miaka 16 ninayejiona makini. Barabara nzima tulifundishwa, kila siku somo moja, kwamba maandishi yale ni pambo.

Nilipiga simu. Namba ipo kwenye mlango wa lile tela, imefutika nusu lakini inasomeka. Wa kwanza akasema sio idara yao. Wa pili akasema "tutalifanyia kazi mzee". Siku ya nane nikasimama nikamfuata fomani aliyekuwa anapima pale chini ya daraja, kijana mstaarabu tu, akanijibu, "Mzee wangu, hata mimi linanikera, ila boksi lina kufuli na paswedi iko ofisini, sisi huku saiti hatuna ruhusa." Naelewa kwanini kuna kufuli. Januari 2009 kule Austin, Texas, watu waliingia kwenye mabango ya namna hii wakaandika kwamba mbele kuna mazombi. Sawa, fungeni. Lakini anayesimamia kazi pale pale, anayeona koni zimetoka, asiweze kuzima ujumbe wa uongo? Huyo ndo wa kwanza aliyetakiwa kuwa na ufunguo!

Jana wakarudi. Bila taarifa, wakaziba leni moja usiku, na foleni ikapanda mpaka nyuma ya kilima ambapo huioni mpaka umefika kileleni. Bango lilelile, maneno yaleyale, mahali palepale. Mi nilisimama salama kwa sababu moja tu, kileleni niliona hazadi za mwenzangu zinawaka. Nikawasha zangu, nikasogea pembeni kabisa, nikashuka na utingo kuweka pembetatu. Hatujamaliza hata hatua 20 tukasikia injini inakuja haipungui. Ile pikapu ilipita ubavuni kwetu, ikafunga breki imeshachelewa, ikaingia kona ya tela la mwenzangu upande wa kulia. Boneti ilijikunja mpaka kwenye kioo. Tulimtoa kijana kupitia mlango wa abiria, mkono umepinda, anaomba msamaha. Anatuomba SISI msamaha. Nikamuuliza taratibu, mdogo wangu hukuliona bango? Akasema, "Nimeliona kaka. Si ndo linasemaga hivyo kila siku."

Sina cha kumjibu, maana na mimi nimelipita hivyohivyo.

Kwahiyo ninyi mnaosimamia hizi kazi, na najua mpo humu mnasoma, siombi teknolojia ya ajabu. Kuna mifumo yenye rada inapima mwendo wa magari, ikiona yamelala inabadilisha maandishi yenyewe, kama mna hela wekeni, vizuri sana. Kama hamna, koni ya mwisho ikipanda kwenye gari bango lizimwe au liondolewe, na awepo mtu mmoja kila zamu mwenye jina lake kwenye daftari ambaye kazi yake ni kupita na gari mwenyewe kwa spidi ya sisi wengine, aone linasomeka, aone bado ni kweli. Foleni ikirefuka bango lisogezwe nyuma yake, sio linabaki palepale foleni imeshalipita. Na msilitegemee peke yake mkaacha kuweka vibao vya kawaida vya bati. Kibao cha bati hakina betri ya kuisha.

Wenzangu wa malori, kama mna mabango ya namna hii njia zenu, yaliyoachwa au yaliyowekwa baada ya njia panda, wekeni picha hapa na siku mliyopita. Nataka tuwe na nyingi za kutosha ili nikienda ofisini kwao kesho wasiniambie ni moja tu.

Nimetoka kumpigia yule kijana wa pikapu, anaingia kuwekewa chuma mkononi mchana. Na saa moja iliyopita jamaa yangu kapita pale darajani. Leni imefunguliwa tangu alfajiri, hakuna gari hata moja iliyosimama. Kasema bango bado linawaka.