Wakuu, timu yetu ya mtaa inacheza mbele ya watu hamsini. Tuwarudisheje uwanjani?

KatibuWaTimu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa dhati, hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni katibu wa klabu ndogo hapa Morogoro mjini, upande wa Kihonda. Jina la timu naliacha kwanza. Tupo ligi ya mkoa na timu si mbaya kabisa: msimu huu nyumbani tumepoteza mechi moja tu. Lakini watazamaji hawazidi hamsini. Humo ndani hesabu wachezaji wa akiba, jamaa zao, na watoto wanaosubiri mpira utoke nje waukimbilie.

Kinachoniuma ni kwamba hawa wasiokuja nawajua kwa majina. Miaka minne iliyopita tulicheza ndondo, yale mashindano ya mtaani, kwenye uwanja huo huo, watu wakapanda mpaka juu ya miembe, wazee wakabeba viti kutoka majumbani. Leo Jumamosi saa 10 napishana nao njiani: mimi nimebeba mfuko wa mipira, wao wanaelekea kibanda umiza kutazama mpira kwenye TV.

Tumekodi bajaji yenye spika ikazunguka mtaa mzima. Tumebandika matangazo. Kiingilio tumekishusha kutoka shilingi 1,000 hadi 500. Mechi moja walikuja kama themanini, iliyofuata tukarudi pale pale. Mlango haulipi hata posho ya waamuzi, acha nauli ya kwenda Ifakara mechi za ugenini. Vijana wanajituma lakini nawaona wanavyoangalia pembeni ya uwanja kabla mechi haijaanza.

Tunakosea wapi?

MzeeWaJamhuri

Kijana wangu, pole na hongera kwa kuibeba timu.

Mimi ni wa Moro hapo hapo. Mji huu ulitoa Mseto, timu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kuchukua ubingwa wa Bara, mwaka 1975. Tukawa na Reli, Kiboko ya Vigogo, ambayo wakubwa walikuwa wanaiogopa wakija uwanja wa Jamhuri. Usiambiwe kwamba watu wa Moro hawapendi mpira.

Nikuulize moja tu. Hao kumi na moja wanaoanza, wangapi wanalala Kihonda?

KatibuWaTimu

Shikamoo mzee wangu. Kusema kweli ni watatu. Tulipopanda ligi ya mkoa kocha alileta vijana kutoka Dar na Dodoma, tumewapangia vyumba. Wakati wa ndondo karibu wote walikuwa wa hapa.

MzeeWaJamhuri

Marahaba. Basi jibu la kwanza umeshalitoa mwenyewe. Kijana wa mtaa akicheza, anakuja mama yake, fundi aliyemfundisha kazi, waliosoma naye na anayemdai. Hao watu ishirini hawahitaji bajaji ya matangazo. Mgeni hata awe hodari vipi anakuja peke yake na begi lake. Sisemi uwafukuze, maana wanakupa matokeo. Nasema kocha apewe sharti: benchini wawepo vijana wa mtaa, na wapate dakika kweli, si kuvaa bibu tu.

MwenyeKibanda

Mkuu, mimi ndiye huyo adui yako, nina kibanda umiza Dodoma, mwaka wa tisa huu. Nikwambie mambo ambayo mabango hayawezi kuyatatua.

Unaweka mechi saa 10 Jumamosi. Saa hiyo hiyo Azam TV wanaonyesha ligi kuu. Saa 11 jioni zinaanza zile mechi nyingi za Uingereza. Huwezi kushindana na Simba au Yanga ukicheza saa ile ile na wao. Hata klabu za ligi kuu zenyewe zinaumia. Usishindane, wahi mapema.

Fanya hesabu hii. Ukianza saa 9 alasiri, na mapumziko yake, kabla ya saa 11 mmemaliza. Halafu kuna kitu wengi hawakishiki: mwishoni mwa Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma, mechi zao za saa 11 kwetu zinakuwa saa 12 jioni mpaka mwishoni mwa Machi. Yaani miezi mitano unapewa saa nzima ya ziada jioni. Chukua ratiba ya ligi kuu, chukua kalenda ya mechi za timu za taifa, kaa chini na kalamu. Zile wikendi ligi imesimama kupisha Taifa Stars, mimi kibandani nakaa na viti vitupu. Hizo wikendi ni zako.

Halafu nenda kaongee na mwenye kibanda wa mtaani kwenu. Mimi nimefanya na timu ya hapa jirani: mtu akija na tiketi ya mechi yao ya siku hiyo, nampunguzia kiingilio. Nami kabla mpira haujaanza natangaza mechi yao ijayo, watu wote wamekaa wananisikiliza. Sijapoteza kitu, maana wanakuja kundi zima moja kwa moja kutoka uwanjani, na wana kiu.

MTZ_Leicester

Naunga mkono la wikendi za timu za taifa. Huku Uingereza tangu 2010 wana siku yao ya klabu ndogo, wanaiweka makusudi wikendi ambayo ligi kubwa zimesimama. Klabu nyingine siku hiyo zinaruhusu mtu alipe kiingilio anachoweza. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu sikuwa na mechi ya kuangalia, nikakuta yule anayeniuzia chai ndiye mweka hazina. Sasa huwa nakwenda hata ligi kubwa ikiwepo.

KatibuWaTimu

Mwenye Kibanda, umenifumbua macho. Ila ratiba inapangwa na chama cha mkoa, si sisi. Na saa 9 hapa Moro jua ni kali kweli, hatuna kivuli zaidi ya hiyo miembe.

MwenyeKibanda

Andikeni barua mapema, msisubiri wiki ya mechi. Mwambieni na mpinzani aandike, maana ligi nzima ina shida hiyo hiyo. Sababu iandikwe wazi kwamba ni mapato ya mlangoni, hilo na wao linawahusu. Jua, tafuta turubai la kukodi la misibani na harusini, funga upande wa magharibi ili linalozama liwe mgongoni mwa watazamaji. Turubai moja linatosha kuanzia.

MamaWaPembeni

Jamani mimi ni mama lishe, na mpira naupenda tangu niko shule. Naona mnaongelea wanaume tu humu.

Mkuu katibu, uwanja wenu una choo? Sisi hatuwezi kukaa saa mbili mahali pasipo na choo, halafu na mtoto mgongoni. Ongea na nyumba ya jirani, ufagiwe, pawekwe ndoo ya maji, na kila mtu ajue kipo. La pili matusi. Pale kwetu kulikuwa na vijana wanamtukana mwamuzi matusi ya mama yake, na mama zao wako pale wanasikia. Tukaacha kwenda. Wamerudi watu baada ya viongozi kuwaweka vijana hao hao kuwa wasimamizi wa kamba, wamepewa vizibao, sasa wao ndio wanaowanyamazisha wengine.

La tatu, kabla ya mechi yenu wekeni ya watoto, shule ya msingi moja na nyingine, nusu saa tu. Au mpira wa pete wa wasichana. Mzazi aliyekuja saa 8 kumwangalia mwanawe hataondoka saa 9 wakati kuna maandazi, karanga na turubai. Na wauzaji msitutoze ushuru mkubwa, mtafukuza kinachowaweka watu pale.

MwanaMbeya

Mimi nataja ya kwetu kwa sababu niliishi ndani yake. Mbeya City ilianzishwa 2011, ikapanda ligi kuu 2013, na msimu wa kwanza tu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa zambarau na nyeupe. Watu ambao maisha yao yote walikuwa Simba na Yanga walivaa jezi ya mkoa wao, na wakasafiri nayo.

Tulipata timu ambayo mtu akiitaja anataja kwao, na mtaani kulikuwa na watu wa kukutana nao kabla ya mechi. Wenye bodaboda walikuwa na kundi lao, wa sokoni lao. Hivyo usitafute mashabiki mmoja mmoja. Nenda kijiwe cha bodaboda, waambie mechi ya Jumamosi ni yao, wao ndio watasindikiza timu uwanjani. Mechi inayofuata iwe ya mafundi gereji. Kikundi kikishazoea kusimama kona yake, kinajilinda chenyewe.

Na niseme na upande wa pili. Matokeo yakiharibika watu wanapungua. Sisi 2023 tulishuka baada ya kufungwa na Mashujaa kwenye mchujo, na tulilia. Lakini waliokuwa na kijiwe chao walibaki wanakwenda uwanjani, nimekaa nao.

Omogusii_254

Salamu kutoka Kisii, Kenya. Yanayosemwa na ndugu wa Mbeya tunayajua. Klabu yetu ya Shabana ilikaa nje ya ligi kuu miaka 17 hivi, ikarudi 2023, na muda huo wote kuna wazee walikuwa wanaenda kuitazama katika ligi za chini kama kawaida. Waliitunza kwa nyimbo na kwa lugha yao. Kama vijana wenu wana ngoma, ziingie uwanjani. Mechi bila sauti mtu anaisikiaje akiwa nyumbani?

Hesabu_Kwanza

Nimesoma yote, ni mazuri. Naomba niguse kidonda.

Katibu, umesema wakati wa ndondo watu walijaa, halafu wakapotea. Saa za mechi hazikubadilika, TV ilikuwepo tangu zamani. Kati ya hapo kuna nini kilitokea? Nauliza kwa sababu kwetu ilikuwa hivi: watu walichanga, hela hazikuonekana, hakuna aliyegomba. Waliacha tu kuja. Mtu wa mtaani hakuandikii barua ya malalamiko.

KatibuWaTimu

Nimekaa na swali hili tangu jana, ndugu yangu.

Kulikuwa na mchango wa jezi na nyavu baada ya ile ndondo. Nyumba kwa nyumba. Mama mmoja muuza mboga alitoa 2,000, namkumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyepokea. Jezi zilikuja seti moja, nyavu hazikuja, na maelezo hayakutolewa. Uongozi ule umeshaondoka na mimi sikuwa katibu, lakini daftari lililopitishwa nyumba kwa nyumba ni langu. Sijawahi kurudi kwa yule mama.

Hesabu_Kwanza

Rudi kwake, na kwa wengine. Usipeleke bango kabla hujapeleka maelezo. Kama daftari unalo, hesabu zilizopo zisomwe, na zisizojulikana zisemwe kwamba hazijulikani. Kuanzia sasa kila mechi, wakati wa mapumziko, mtu ashike kipaza sauti: mechi iliyopita mlango uliingiza kiasi hiki, waamuzi wamelipwa hiki, chaki na maji hiki, kimebaki hiki. Karatasi ibandikwe kwenye mwembe. Na hela zipite Lipa Namba ya klabu, isiwe simu ya mtu.

Kiingilio usikifute. Kiwe kidogo, watoto na wazee waingie bure. Aliyelipa 500 akasikia 500 yake imefanya nini, atakuja kuulizia nyingine.

MzeeWaJamhuri

Hapo ndipo penyewe. Mwanangu, anza na huyo mama.

KatibuWaTimu

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Nilianza na yule mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo nyavu hazikununuliwa?" Nikasema hazikununuliwa. Akasema sawa, na akaendelea kufunga mafungu ya mchicha. Nilipita nyumba thelathini na moja zilizokuwa kwenye daftari. Watatu walinifokea, na walikuwa na haki.

Chama kimetukubalia saa 9 kwa mechi mbili za nyumbani, si zote. Ya kwanza tuliiweka wikendi ya Taifa Stars, tukatanguliza watoto wa shule mbili za jirani. Turubai lilikuwa moja, mwenye kulikodisha alitupunguzia. Vijana wanne wa mtaa walikuwa benchini na wawili waliingia. Mmoja ni fundi wa pikipiki, kijiwe chake chote kilikuja na kelele zake. Tulikata tiketi 140 na watoto sikuwahesabu. Wakati wa mapumziko nilisoma mapato na matumizi, sauti ikinitetemeka, na nikasema wazi hela za nyavu hatujui zilikwenda wapi. Walikaa kimya kidogo, halafu mzee mmoja akasema, "Endelea kusoma."

Mechi ya pili ya nyumbani haikuwa kwenye zile za saa 9, ilikuwa katikati ya wiki saa 10, tulikata 90. Imeshuka lakini si hamsini. Mwenye kibanda wa hapa amekubali kutangaza, la tiketi bado analifikiria. Choo tumepata nyumba ya jirani, tunalipia maji.

Nyavu tumenunua. Yule mama alikuja mechi ya pili, alikaa chini ya mwembe na beseni lake. Sikumwona akiangalia mpira sana, ila kabla ya kuondoka alipita nyuma ya goli akazishika.

Swali jipya: vijana wa bodaboda wanataka kona yao iwe upande wa turubai, na mafundi wameshaizoea. Tuwapangeje bila kugombanisha watu?

MwanaMbeya

Bodaboda wape nyuma ya goli la kaskazini, waambie hilo ndilo goli tunalolishambulia kipindi cha pili. Hawatakataa.