Mjadala: Nyaya zinazoonekana kwenye sinema za kale za anga, zifutwe au ziachwe?

Mleta mada
Wadau, The War of the Worlds ya 1953, filamu ya Dunia kuvamiwa na viumbe wa sayari ya Mirihi, ilipokarabatiwa mwaka 2018, nyaya zilizoshikilia vyombo vya Wamirihi zilifutwa kwa kompyuta. Napinga. Vile vilikuwa vyombo vya kuundwa kwa mikono, vikaning'inizwa na mafundi waliojua kazi yao, na jasho lao ni sehemu ya filamu. Tukikubali waya ufutwe, kizuizi kiko wapi? Star Wars ya 1977 ilipotolewa upya mwaka 1997, Greedo, mwindaji aliyekuja kumkamata mhusika mkuu Han Solo, alifanywa atangulie kufyatua, ilhali mwanzoni Han ndiye aliyempiga. Han, mhuni asiyesubiri kuonewa, akageuka mtu anayejitetea, na safari yake ya kuwa mwema ikafupishwa.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, la Greedo nakuunga mkono kabisa, ila usilitie kapu moja na nyaya. Filamu ya 1953 ilipigwa kwa Technicolor, mfumo wa rangi wa mikanda mitatu: kamera moja, negativu tatu (mikanda ya asili iliyopigwa na kamera), kila moja na rangi yake. Nakala za kumbini zilitengenezwa kwa kugonga rangi hizo juu ya mkanda mmoja, moja baada ya nyingine. Picha ilitoka laini kidogo, yenye vivuli vizito, na waya mwembamba ukamezwa humo. Nakala za baadaye zilichapishwa kwa Eastmancolor, mkanda mmoja wenye rangi zote, zikawa angavu zaidi, na nyaya zikajitokeza. Ukichanganua negativu kwa kompyuta kwa 4K, yaani kwa undani mkubwa, ndipo nyaya zinaanikwa kabisa. Unachokiona hapo ni kilichokuwa studio, si kilichofika machoni pa mtazamaji wa 1953. Kwa filamu hii, kufuta ni kurudisha.

Mleta mada
Basi kipimo kiwe nakala ya wakati ule, iwekwe kando ya ile iliyochanganuliwa, na kila kinachofutwa kilinganishwe nayo. Bila hiyo fundi anakisia. Tazameni Metropolis, filamu bubu ya 1927: mwaka 2008 ilipatikana Buenos Aires nakala ya milimita 16 yenye takribani dakika 25 zilizokuwa zimepotea. Ilikuwa imekwaruzika vibaya, na sehemu ya picha ilikuwa imekatwa ilipopunguzwa kutoka milimita 35. Toleo la 2010 liliziacha dakika hizo na mikwaruzo yake, na pale picha ilipopungua pakaachwa weusi. Mtazamaji anajua kipi ni kipi. Huo ndio uungwana ninaoudai.

Mchangiaji wa 2
Mnasahau vichekesho, na huko hoja ya kusafisha inakufa. Dark Star ya John Carpenter, 1974: kiumbe wa anga ni mpira wa kuchezea ufukweni uliopakwa rangi na kuwekewa kucha. Mwanaanga anahangaishwa na mpira hadi kwenye shimo la lifti! Mpe mnyama wa kompyuta mwenye ngozi na mate, na kicheko kimekwisha, kwa sababu mzaha wenyewe ni kwamba tunauona mpira na yeye anauogopa kwa dhati. Young Frankenstein ya mwaka huohuo ilipigwa nyeusi na nyeupe makusudi, na ikatumia mitambo ya cheche za umeme ya fundi Kenneth Strickfaden iliyokuwa kwenye Frankenstein ya 1931. Atakayeipaka rangi atakuwa hajaielewa filamu.

Mchangiaji wa 3
Nyaya ni jambo dogo. Nakala nyingi zinaharibiwa na mengine, na yanakaguliwa kirahisi. Simamisha picha kwenye uso uliokaribiwa: kama chembechembe za mkanda hazipo na ngozi inang'aa kama nta, kelele za picha (chembechembe hizo) zimesafishwa kupita kiasi, na vinyweleo vimeondoka nazo. Ukiona mstari mweupe kuzunguka mabega, makali ya kingo za picha yameongezwa kwa kompyuta. Filamu ya 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo) ikijaza skrini yote pana ya 16:9 bila watu kuvutwa mapana, imekatwa juu na chini karibu robo ya picha. Kwa filamu bubu pima mwendo: Safari ya Mwezini ya Georges Méliès, 1902, huchukua kama dakika 14 kwa picha 16 kwa sekunde. Ikikimbizwa kwa 24 inaisha kwenye dakika 9 na kitu, na mizaha ya maprofesa wanaosafiri mwezini inageuka vurugu tupu. Kisha zima kwenye televisheni ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Unabuni picha za katikati ambazo kamera haikuzipiga, na hakuna kinachofanya vyombo vya kuundwa kwa mikono vionekane vidogo kama vichezeo zaidi ya huo.